Mheshimiwa naye aandikwe langoni

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Mimi ni bawabu katika jengo moja la maofisi hapa Moi Avenue, Mombasa. Jina langu na nambari ya simu nimekuandikia nyuma ya bahasha, lakini nakusihi usivichapishe. Sababu utaiona mwenyewe ukiendelea kusoma.

Wasomaji wako wamekuwa wakilalamika kuhusu serikali kupekua simu na mitandao ya raia. Mmoja wao akapendekeza mambo yageuzwe: wanasiasa ndio wafuatiliwe usiku na mchana, simu zao zisikilizwe, nyumba zao zitiwe kamera, nasi tuachiwe mambo yetu. Vijana wa stejini waliposomewa barua ile walipiga makofi. Mimi nusu ya maneno yake nayakubali na nusu nayakataa, na yote mawili nimeyapata kwenye meza ninayokalia.

Juu ya meza hiyo pana kitabu kikubwa cha wageni, kimechorwa safu kwa rula. Tarehe, jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, unatoka wapi, unakwenda kwa nani, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Anayekuja kung'olewa jino ghorofa ya tatu anaandika, hata kama shavu limevimba na kalamu haishikiki. Mama anayewaletea chakula makarani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini anaandika kila mchana, ingawa namjua vizuri, na deni langu la pilau liko katika daftari lake yeye. Kijana wa boda aliyetumwa bahasha anaandika huku pikipiki inanguruma nje. Wazee waliokuja kwa wakili kwa kesi ya shamba hutoa kitambulisho kwenye kitambaa walichokikunja mara nne, nami nawaandikia kwa sababu macho hayaoni tena.

Sina ugomvi na usalama. Sisi wa Pwani hatuhitaji kufundishwa hilo. Novemba 2002 bomu lililipuka katika hoteli Kikambala, na Septemba 2013 watu 67 wakauawa katika jengo la maduka la Westgate kule Nairobi. Baada ya Westgate ndipo ukaguzi wa milangoni ukawa mkali nchi nzima, na Sheria ya Kudhibiti Ulinzi wa Kibinafsi ya 2016 ikatupa sisi mabawabu idhini ya kumtaka mtu ajitambulishe na kuandika saa alizoingia na kutoka. Vyema. Mtu akiniuliza ana haja gani ya kuniambia anaitwa nani, namjibu kwa adabu na anaandika.

Lakini gari la mheshimiwa halisimami mezani kwangu. Linashukia njia ya nyuma, ya maegesho ya chini, vioo vyeusi, dereva anapiga honi mara mbili na kizuizi kinainuliwa. Hayo ndiyo maagizo niliyoyakuta kazini, na aliyeniachia zamu aliyakuta vilevile. Siku moja bawabu mwenzangu, mgeni wa kazi na mwenye bidii, alithubutu kupeleka kitabu dirishani. Kioo kikashuka vidole viwili, sauti ikatoka ndani: "Kijana, hujui hii gari ni ya nani?" Alijua. Hata muuza kahawa wa pale kona anajua. Isipokuwa kitabu.

Sasa nipigie hesabu, Mhariri. Tuseme zabuni ya kaunti au ya shirika fulani imetolewa kwa njia za giza, na makubaliano yalifanyika katika ofisi moja ya jengo kama letu. Wapelelezi waje, wafungue kitabu changu cha juma lile. Watamkuta mama wa pilau, saa sita na dakika arobaini. Watamkuta kijana wa boda na wazee wa kesi ya shamba, na nambari zao zote za vitambulisho, na sahihi zao. Mwenye kuamua hawatamkuta popote, wala aliyemletea mkoba. Tumeweka kumbukumbu za kila mtu ila wale ambao kumbukumbu zao zingesaidia nchi.

Na hivyo vitabu vikishajaa huenda wapi? Katika majengo niliyofanyia kazi, vilirundikwa chini ya ngazi, karibu na ndoo za kufagilia. Hakuna aliyewahi kuja kuvisoma kwa ajili ya usalama. Waliovisoma ni wengine. Binti mmoja aliyekuja kwa daktari wa meno alianza kupokea ujumbe usiku kutoka kwa mwanamume asiyemjua. Kumbe ndiye aliyeandika mstari wa chini yake, akainakili nambari yake papo hapo huku akijifanya anatafuta saa kwenye simu. Binti alirudi kwangu na mama yake, akiwa na hasira, na haki ilikuwa yake. Nami mwenyewe nimewahi kununua viazi karai barabarani, nikafungua karatasi iliyojaa mafuta nikakuta safu ninazozijua: jina, kitambulisho, simu. Karatasi haikuwa ya jengo letu, nashukuru Mungu, lakini ilikuwa ya jengo la mtu.

Kampeni za 2022 zilipokaribia, alikuja kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, akataka "kuazima" vitabu viwili vya zamani kwa usiku mmoja. Hakusema vya nini. Alisema tu kwamba kuna chai. Mwaka uliotangulia, Juni 2021, Wakenya waliingia katika mtandao wa serikali kuangalia uanachama wao wa vyama na wengi wakajikuta wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kuvikanyagia ofisi. Malalamiko zaidi ya mia mbili yalifika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Watu walijiuliza: nambari zetu zilitoka wapi? Wengine walitaja madaftari ya mawakala wa pesa za simu, wengine wakataja vitabu vya langoni. Ushahidi sina, na sitamtwika mtu lawama. Nasema tu kwamba nilipomtazama yule kijana wa shati la pasi nilikumbuka Juni ile, nikamwambia vitabu vimeliwa na mchwa.

Hebu tazama mzunguko huo. Mwanasiasa haandikwi akiingia. Sisi tulioandikwa ndio tunaokuja kugeuzwa wanachama wake bila kuulizwa.

Marehemu babu yangu alikata mkonge Vipingo zama za Mwingereza. Alikuwa na kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake na jina la tajiri wake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Sheria yake ilitungwa 1915 na ikaanza kufanya kazi baada ya Vita vya Kwanza. Askari yeyote aliweza kumsimamisha na kudai akione. Bwana shamba hakuvaa kikopo. Nayasema haya kwa sababu baadhi ya wasomaji wako wanadhani desturi ya kumwandika mdogo na kumwacha mkubwa imeletwa na kompyuta. Kompyuta imeongeza mwendo tu.

Nami pia nimechukuliwa vidole, vyote kumi. Bawabu hapati kazi bila cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, na cheti kina ada yake, na foleni yake. Sikatai, anayelinda mlango wa watu ajulikane. Lakini linganisha na anayelinda bajeti. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, iliwapelekea tume ya uchaguzi, IEBC, majina ya wawaniaji 241 iliyoona wana doa la uadilifu. Karibu wote waliidhinishwa wagombee, maana Katiba yenyewe inasema mtu hazuiwi hadi njia zote za rufaa ziishe. Kisheria ni sawa. Ila mimi, jina langu likitokea na kesi moja tu ya kupigana ulevini, kampuni isingengoja rufaa.

Nije kwenye nusu ninayoikubali. Kiongozi afuatiliwe, naam, na sheria ya kumfuatilia tunayo tangu 2010, hatuhitaji kuivumbua. Ibara ya 75 ya Katiba inamtaka afisa wa serikali aepuke mgongano kati ya maslahi yake na kazi ya umma, na inasema waziwazi kwamba ni katika maisha yake ya kazi na hata katika maisha yake ya faragha. Ibara ya 76 inasema zawadi aliyopewa katika hafla ya umma ni mali ya Jamhuri, na inamkataza kuwa na akaunti ya benki nje ya Kenya ila kwa mujibu wa sheria. Ibara ya 31, ile inayotulinda faragha, inatulinda sote, na yeye pia. Lakini yeye alipoapa alikubali sehemu ya pazia lake ivutwe. Hakulazimishwa. Aliomba kura, akatuimbia, akatugawia leso.

Sasa pazia lenyewe limevutwa kiasi gani? Tangu Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, kila mtumishi wa umma hujaza fomu ya mapato, mali na madeni, yake na ya mumewe au mkewe na ya watoto walio chini ya miaka 18. Mwanzo fomu hizo zilikuwa siri kabisa. Baadaye ikawezekana kuomba kuiona ukionyesha sababu ya maana, na hata ukionyeshwa, kuichapisha bila idhini ilikuwa kosa. Tarehe 30 Julai 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Mgongano wa Maslahi, na usimamizi wa fomu umekwenda kwa EACC. Ni hatua. Lakini mpaka leo siwezi kufungua mtandao nikasoma mali ya mbunge wangu kama ninavyosoma matokeo ya mpira.

Hapa pana jambo ambalo watetezi wa uwazi wenyewe hulisahau. Fomu ileile ya mheshimiwa hujazwa na mwalimu wa shule ya msingi. Mke wangu ni mwalimu. Kila baada ya miaka miwili huketi mezani kwetu Kisauni akaorodhesha kuku, cherehani, hisa zake za ushirika wa akiba na mkopo, na mkopo wenyewe. Nani ananufaika na fomu ya kuku wetu? Ikifunguliwa kwa kila mtu, wa kwanza kuisoma watakuwa jamaa wa mkopo wa simu na wezi wa mtaani. Kwa hiyo akisimama mbunge akasema fomu zikianikwa faragha ya mamia ya maelfu ya watumishi itavunjwa, anasema kweli, na anajificha nyuma ya mke wangu. Fomu ya mwalimu, ya muuguzi na ya karani wa chifu ifungwe, ifunguliwe kwa amri tu panapotokea kesi. Ya anayepigia kura bajeti, ya anayetia saini zabuni, ya jaji, ya gavana na mawaziri wake, ya mkuu wa shirika la umma, hizo zitundikwe.

Watasema haiwezekani, itahatarisha maisha yao. Mbona imeshafanyika, tena mbele ya kamera? Mawaziri walipohojiwa bungeni Oktoba 2022 na tena Agosti 2024, kila mmoja aliulizwa utajiri wake na akautaja kwa kinywa chake. Ali Hassan Joho, aliyekuwa gavana wetu hapa Mombasa kwa vipindi viwili, alitaja mali ya zaidi ya shilingi bilioni 2. Sisemi ni haramu. Familia ya wafanyabiashara inaweza kuwa na mali. Hakuna aliyedhurika kwa kuyasema hayo. Tatizo ni kwamba tuliambiwa jumla tu. Jumla haina anwani. Huwezi kuuliza mwaka wa tano imekua vipi, wala kampuni gani imo ndani yake, wala kama kampuni hiyo imewahi kuuza kitu kwa ofisi anayoiongoza mwenye kuitaja. Haya nawasemea wote walioketi kwenye kile kiti, si mtu mmoja.

Kumbuka Oktoba 2021, nyaraka za Pandora zilipovuja. Tulisoma kwamba familia ya aliyekuwa Rais, Uhuru Kenyatta, imehusishwa na kampuni za ng'ambo. Kuwa na kampuni ya ng'ambo peke yake si kosa, na Rais mwenyewe alisema ripoti zile zitasaidia kukuza uwazi. Kilichonikera mimi ni njia iliyotufikishia habari: waandishi wa nchi nyingi waliochambua karatasi zilizovuja kutoka kwa mawakala wa mbali. Fomu zetu za tangu 2003 hazikutuambia neno.

Majirani zetu wa Tanzania walikuwa wakali zaidi zamani. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni ya kibepari, au nyumba ya kupangisha. Wakalilegeza Zanzibar mwaka 1991. Mimi siombi tufike huko. Kiongozi awe na nyumba kumi za kupangisha akitaka, mradi mpangaji wake akiwa ni idara ya serikali tujue.

Nije kwenye nusu ninayoikataa. Kusikiliza simu zao, hapana. Na siwaonei huruma. Ninaogopa mtambo. Mtambo wa kusikiliza simu ya gavana hukaa katika chumba fulani, unashikwa na mtu fulani aliyeajiriwa na mkubwa fulani, na gavana akishaondoka mtambo haung'olewi. Sheria ya Huduma ya Ujasusi ya 2012 inataka kibali cha Mahakama Kuu kabla ya mawasiliano ya mtu kuingiliwa, na kibali hicho kiwe cha jina la mtu na sababu. Kizibo hicho tukikitoa kwa furaha ya kumkomoa mwanasiasa, watakaozama ni wengine. Baada ya maandamano ya Juni 2024 vijana walianza kuchukuliwa majumbani na barabarani na watu wasiovaa sare. Desemba mwaka huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilisema visa vilivyoripotiwa vimefika 82, na watu 29 walikuwa hawajapatikana. Wazazi wengi wanauliza hadi leo wale watu walijuaje mtoto yuko wapi saa ile. Katika nchi yenye swali kama hilo halijajibiwa, sitamwongezea mtu yeyote masikio.

Tena kamera nyumbani kwa kiongozi ingetuonyesha nini? Ingetuonyesha akila, akigombana na watoto, akisali au asisali. Sisi tungeangalia, maana binadamu hupenda umbeya, na magazeti yangeuza. Kwamba mheshimiwa ana mke wa pili Bamburi si shauri langu. Lakini ikiwa nyumba ya Bamburi imejengwa na mkandarasi aliyepewa barabara ya kaunti, nataka kuona risiti ya saruji. Hapo ndipo ninapouchora mstari wangu, na nakiri kuna mahali unapinda. Ugonjwa, kwa mfano. Sukari yake na presha yake ni siri yake na daktari, mpaka siku anaposhindwa kuketi kitini miezi na miezi huku wengine wakitia saini kwa jina lake. Watoto wadogo wasiguswe kabisa, shule yao isitajwe; ila shamba lililoandikwa kwa jina la mtoto wa miaka minane litajwe, kwa sababu mtoto wa miaka minane hanunui shamba. Na mwenzi wa ndoa? Wapo wanaosema mke wa gavana hakuchaguliwa na mtu. Kweli, hakuchaguliwa. Lakini atakayeacha mali ya mwenzi nje ya fomu na akahesabu kuwa amefanya kazi, hajawahi kukaa langoni akaona nani hushuka kwenye gari la pili.

Ninachotaka kifuatiliwe ni mikutano, mikataba na mali. Shajara ya waziri na ya gavana, nani alikutana naye kwa shughuli ya umma na kwa jambo gani, ichapishwe. Kama wanahofia usalama wa njia anazopita, ichapishwe baada ya mwezi. Muuaji hawezi kumvizia mtu katika mkutano uliopita. Zabuni zina agizo lake tayari: Agizo la Rais nambari 2 la 2018 lilizitaka taasisi za umma zichapishe waliopewa zabuni na kwa bei gani. Na Sajili ya Kampuni tangu Oktoba 2020 imekuwa ikidai majina ya wamiliki halisi, si wale wa karatasini. Anayetaka fedha ya umma akubali jina lake la kweli lisomwe na mlipa kodi yeyote, bila mlipa kodi huyo kwanza kuthibitisha yeye ni nani na anataka ya nini. Kampuni ndogo ya mama wa pilau, ambayo haijawahi kuomba zabuni ya mtu, iachwe.

Upande wetu sisi wadogo nao una sheria, na wenye majengo wengi wanajifanya hawaijui. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema taarifa za mtu zichukuliwe kwa sababu inayojulikana, zisizidi kinachohitajika, na zisiwekwe muda mrefu kuliko haja. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5. Si mchezo wa karatasini: Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na baa moja Nairobi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja. Basi nambari ya simu ya binti mwenye jino bovu mimi naihitaji ya nini? Jina lake, kitambulisho nikione kwa macho nimrudishie, saa, ofisi anayokwenda. Karatasi moja kwa mgeni mmoja, itumbukizwe sandukuni, asiyekuwa na ufunguo asione jina la aliyetangulia. Mwisho wa mwezi zichomwe, kuwe na mashahidi. Nimelisema hilo kwa msimamizi wangu. Alisema kitabu kimeshanunuliwa.

Kwa mheshimiwa, kinyume chake. Kitabu kipelekwe dirishani, kioo kishuke, aandikwe yeye, aliyefuatana naye na ofisi anayokwenda, na ukurasa huo usichomwe. Kampuni za ulinzi zikiogopa kutoa agizo hilo kwa sababu wateja wao ni haohao, basi mamlaka inayosimamia mabawabu nchini itoe, ili bawabu akitukanwa awe na karatasi ya kuonyesha. Mshahara wetu mnaujua. Hautoshi kumfanya mtu asimame mbele ya gari la vioo vyeusi kwa ushujaa wake mwenyewe.

Na wewe Mhariri nina ombi kwako. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 imewapa siku 21 za kujibu. EACC ina ofisi hapahapa Mombasa. Mtume mwandishi wako akaombe fomu za gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake na wabunge wetu sita wa kaunti hii. Wakizitoa, chapisha zile ambazo sheria inaruhusu. Wakikataa, chapisha barua ya kukataa, na tarehe, na cheo cha aliyeitia saini. Jibu lolote litakalokuja, bandika nakala moja kwenye ubao wa nje wa ofisi yenu. Stejini si wote wanaonunua gazeti.

Bawabu,
Moi Avenue, Mombasa